Maswali ya Wasomaji: Matairi Yaliyolika Bila Kulingana

Barua nne za safari hii zinahusu matairi ya magari yanayovutwa na magurudumu yote manne. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu hesabu iliyomo ndiyo inayobeba majibu yanayofuata, na ningependa isomwe na kila mwenye gari la aina hiyo kabla hajaliingiza gereji.

*Fundi, habari za kazi. Nina Subaru Forester ya mwaka 2005, otomatiki, ya saizi ya tairi 215/60R16. Miaka miwili iliyopita niliifunga matairi manne mapya ya aina moja, na tangu hapo nimetembea kilomita 30,000 bila kuyahamisha hata mara moja. Sasa ya mbele yamebaki na milimita 3 za kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) katikati, na upande wa ndani yamelika zaidi ya hapo, ilhali ya nyuma bado yana milimita 6. Siku hizi nikikata usukani hadi mwisho wakati wa kutoka uani, gari linashtukashtuka kama lililoshikwa na breki. Fundi wa kwanza ameniambia ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, basi. Wa pili amesema nisihamishe kitu, bali ninunue mawili mapya niyafunge mbele. Nimsikilize yupi?* (Msomaji, Moshi)

Ndugu msomaji wa Moshi, umefanya vizuri kupima kabla ya kuandika, maana barua nyingi za aina hii huja na maneno "yamelika kidogo" ambayo hayamsaidii mtu yeyote. Kwa vipimo hivyo ulivyonipa, hakuna kati ya mafundi hao wawili ninayeweza kukushauri umfuate, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Tuanze na hesabu. Tairi likipoteza milimita 1 ya kashata, kipenyo chake hupungua milimita 2, na mzingo wake, yaani umbali linaoutembea kwa mzunguko mmoja, hupungua milimita 6 na ushei. Matairi yako ya mbele yamepitwa na ya nyuma kwa milimita 3 za kashata, kwa hiyo mizingo yake inatofautiana kwa karibu milimita 19. Subaru wanataka tofauti hiyo isizidi robo inchi, ambayo ni milimita 6 hivi, kwa matairi yote manne ya gari. Umevuka kiwango hicho mara tatu.

Milimita 19 zinaweza kuonekana kitu kidogo mpaka uzizidishe kwa safari. Kwa saizi yako ya tairi, gurudumu la mbele linalazimika kuzunguka mara nne na zaidi kuliko la nyuma katika kila kilomita moja. Ukitoka Moshi kwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 550 hivi, magurudumu ya mbele yatakuwa yamezunguka takriban mara 2,400 zaidi ya yale ya nyuma, na kwa kuwa propela shafti, yaani ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, huzunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, tofauti hiyo inapofika kwenye giaboksi imeshakuwa mizunguko elfu kumi au karibu na hapo. Tofauti hiyo lazima imezwe na kitu fulani. Kwenye giaboksi yako ya gia nne hakuna difu ya katikati, yaani gia zinazoruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Kazi hiyo inafanywa na klachi yenye pleti kadhaa iliyofichwa sehemu ya nyuma ya giaboksi, ndani ya oili ileile ya giaboksi, na kompyuta huibana au kuilegeza kulingana na mahitaji ya barabara. Klachi hiyo imetengenezwa ivumilie tofauti ndogo za kwenye kona, ambazo huja na kuondoka. Wewe umeipa tofauti isiyoondoka hata barabara inaponyooka kama rula kati ya Same na Mkomazi, na matokeo yake ni joto, pleti kuungua uso, na ile hali ya kushtuka unayoisikia uani.

Kabla hujatumia fedha yoyote, fanya jaribio moja dogo. Chini ya boneti ya gari lako kuna nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD, ambayo kwa kawaida huwa tupu. Zima injini, chukua fyuzi ya akiba uichomeke hapo, kisha washa gari na uangalie kama taa ya FWD imewaka kwenye dashibodi. Taa hiyo inamaanisha kwamba klachi imeamriwa iachie na gari linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Waliolitengeneza waliweka nafasi hiyo kwa ajili ya mtu aliyefunga spea ndogo ya dharura. Sasa rudi uani, kata usukani hadi mwisho na uende polepole. Kushtuka kukiisha, klachi bado inaachia vizuri na matumaini ni makubwa kwamba matairi ndiyo chanzo. Taa ikiwaka lakini gari likaendelea kushtuka, basi tatizo limeshaingia ndani, ama kwenye valvu ya umeme inayoiongoza klachi hiyo, ama kwenye pleti zenyewe, na matairi mapya peke yake hayatakuponya. Hata hapo usikubali giaboksi ifunguliwe siku hiyohiyo. Mwombe fundi abadilishe kwanza oili ya giaboksi kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu mara nyingine hiyo peke yake huleta nafuu. Fyuzi unaweza kuiacha kwa siku chache za kutafuta matairi, lakini usiishi nayo.

Sasa nirudi kwa mafundi wako. Wa kwanza anataka ubadilishe nafasi. Ukifanya hivyo leo, mbele kutakuwa na milimita 6 na nyuma 3, na klachi haijui wala haijali ni upande upi wenye tairi dogo. Tofauti ni ileile milimita 19. Yeye atakujibu kwamba ya mbele hulika haraka zaidi, kwa hiyo yatayafikia ya nyuma. Ni kweli, lakini tazama kasi yenyewe. Kama matairi yako yalianza na milimita 8, ambacho ni kina cha kawaida cha tairi jipya la gari dogo, ya mbele yamepoteza 5 na ya nyuma 2 katika kilomita 30,000. Kwa mwendo huohuo utahitaji kilomita 30,000 nyingine ili yalingane, na siku hiyo ya kulingana yote manne yatakuwa na milimita 1, yaani vipara, wakati vile vialama vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji ya tairi hukuambia ulitoe likifika milimita 1.6. Juu ya hayo, muda wote huo utakuwa umeyaweka matairi dhaifu nyuma, na gari lililoteleza matako kwenye mvua ya masika ni gumu kuliko yote kulirudisha barabarani.

Fundi wa pili anasahau kwamba tairi jipya nalo ni kubwa mno kwa jirani yake. Mapya mawili ya milimita 8 mbele, na yako ya milimita 6 nyuma, ni tofauti ya milimita 2, ambayo kwenye mzingo ni zaidi ya 12. Utakuwa umelipia matairi mawili na bado umezidi kiwango maradufu.

Kwa maoni yangu, matairi yako ya mbele yameshamaliza kazi. Gari linapokula tairi upande wa ndani, kipimo cha katikati hudanganya. Ingiza mkono kwa nyuma ya gurudumu uupapase ukingo wa ndani, na ukikuta umelainika au nyuzi zimeanza kuonekana, tairi hilo lisihamishiwe popote. Kisha tafuta sababu. Ulaji wa upande wa ndani kwa kawaida hutokana na alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, iliyopotea, na alaimenti haipotei yenyewe bali husukumwa na bushi za mkono wa chini zilizokwisha, kichwa cha tairodi kilicholegea, au springi zilizokatwa na mwenye gari wa zamani ili gari likae chini. Vibadilishwe hivyo kwanza, halafu ndipo uende kwenye mashine ya alaimenti. Anayeanza na mashine na kumaliza na bushi analipa alaimenti mara mbili.

Baada ya hapo nunua matairi manne ya aina moja kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, kuna njia ambayo wengi huidharau: tafuta mawili yaliyotumika, ya kampuni ileile, muundo uleule na saizi ileile, yenye kina cha milimita 5.5 hadi 6.5. Sipendi kumshauri mtu anunue tairi la mtumba, na kwa gari la kawaida nisingefanya hivyo, lakini hapa la mtumba lililolika sawa na lako linaitunza giaboksi kuliko jipya. Angalia tu tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2321, kwa mfano, ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Ubavu wenye nyufa uuache hapohapo dukani, hata kashata ziwe nzuri namna gani.

Kupima mzingo hakuhitaji kifaa cha gharama. Tepu ya fundi cherehani haifai, kwa kuwa huishia sentimita 150 na tairi lako lina zaidi ya sentimita 205. Tumia uzi usiovutika, uuzungushe katikati ya kashata gurudumu likiwa limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa vizuri kwenye stendi, weka alama mahali ncha zinapokutana, kisha uupime uzi huo kwa futi ya seremala. Jaza matairi yote upepo sawa kabla ya kuanza, la sivyo utapima upepo badala ya mpira.

Kuhusu kuhamisha kwenyewe, hesabu ya gari lako inatupa ratiba. Tofauti ya milimita 3 katika kilomita 30,000 ni milimita 1 kwa kila kilomita 10,000, na milimita 1 ndiyo mpaka wenyewe. Kwa hiyo ukisubiri kilomita 10,000 umeshafika ukingoni. Hamisha kila kilomita 5,000, siku unapomwaga oili ya injini, wakati gari lipo juu tayari. Ya nyuma yaje mbele kwa upande wake uleule, na ya mbele yaende nyuma kwa kukatana, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto, ili baada ya zamu nne kila tairi liwe limeonja kona zote. Kama ubavuni kuna mshale wa mwelekeo wa kuzunguka, usiyakatanishe. Yabadilishe mbele na nyuma kwa upande mmoja tu. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota gari likiwa limegusa chini, na uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa kama rimu ni za alumini.

*Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu na ninaendesha Nissan X-Trail ya 2006. Wiki iliyopita jiwe lilipasua ubavu wa tairi la nyuma la kulia na likawa halizibiki. Mengine matatu yana milimita 5. Mekanika anasema nifunge spea, kwa sababu ni tairi zima la saizi kamili na halijawahi kugusa lami tangu gari lilipoletwa kutoka Japani. Linaonekana jipya kabisa. Je, ni sawa?* (Msomaji, Nakuru)

Mama, naomba ulitazame tairi hilo kwa macho mengine. Gari la 2006 lenye spea iliyokuja nalo lina tairi ambalo huenda limemaliza karibu miaka ishirini likining'inia au kulala ndani ya buti. Soma ule msimbo nilioueleza juu. Ukikuta tarakimu kama 3106, hilo ni la wiki ya 31 ya mwaka 2006. Watengenezaji wakubwa wa matairi wanashauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10, hata kama ni spea na hata kama kashata zake hazijaguswa, kwa kuwa mpira hukauka kwa umri na si kwa kilomita peke yake. Likufikishe nyumbani kwa mwendo wa pole, lakini lisibebe watoto kwenda Nairobi.

Hata lingekuwa la mwaka jana, bado kuna jambo la pili. Kashata zake ni kamili na za mwenzake wa kushoto ni milimita 5. Hapo tofauti imehama. Haipo tena kati ya mbele na nyuma bali kati ya kulia na kushoto kwenye ekseli moja, na difu ya nyuma, ambayo vigia vyake vidogo vya ndani vimewekwa kwa ajili ya kona, italazimika kuvizungusha barabara nzima. Kwenye gari lako kuna nafuu moja, nayo ni kile kitufe cha dashibodi chenye alama za 2WD, AUTO na LOCK. Kiweke kwenye 2WD mpaka matairi yalingane. Magurudumu ya nyuma yatakuwa yanafuata tu bila kubeba nguvu ya injini, na difu itafanya kazi nyepesi. LOCK usiiguse kabisa kwenye lami.

Suluhisho la kudumu kwako ni mojawapo kati ya mawili. Ukipata tairi moja lililotumika, la aina ileile, lenye milimita 5 na umri unaokubalika, lifunge na urudi kwenye AUTO bila wasiwasi. Usipolipata, nunua mapya mawili uyafunge nyuma, halafu ubaki kwenye 2WD hadi yale ya mbele yatakapokwisha ununue mawili mengine. Lililo zima kati ya yale ya nyuma ya zamani ndilo liwe spea yako, nalo angalau linalingana na ya mbele. Huko Marekani yapo maduka yenye mashine ya kulinyoa tairi jipya mpaka lifikie kina cha wenzake, jambo ambalo mteja wa kwetu angelipokea kwa kicheko, maana ni kulipia mpira ili ukatwe mbele ya macho yako. Mimi binafsi sijaikuta mashine hiyo katika gereji yoyote niliyofanya kazi, lakini sababu yake sasa unaielewa.

Siku utakayofunga matairi mapya yote, nunua matano badala ya manne na uiingize spea kwenye mzunguko wa kuhamisha. Jiwe la Nakuru likirudi, litakukuta na tairi la tano lililolika sawa na mengine. Hili halifai kwa wenye spea nyembamba za dharura. Hizo zibaki mahali pake.

*Mimi nina Hilux ya foo wili ya kuunganisha kwa mkono, na huku shambani tunaunganisha wakati wa matope tu. Nami nihangaike na milimita?* (Msomaji, Iringa)

Ukiwa kwenye 2H, yaani magurudumu mawili ya nyuma peke yake, hapana. Ekseli ya mbele haijaunganishwa na injini, kwa hiyo matairi ya mbele na ya nyuma yakitofautiana hakuna chuma kinachoumia. Ukiwa kwenye 4H, yaani yote manne yameunganishwa, hali yako ni ngumu kuliko ya wenzako wote hapo juu, kwa sababu mbele na nyuma zimefungwa pamoja bila difu ya katikati wala klachi ya kuteleza. Kinachokuokoa ni matope yenyewe, ambayo huruhusu gurudumu liteleze na kuimaliza tofauti. Kwa hiyo tenganisha mara tu unapogusa lami. Hamisha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000 kwa mpangilio uleule nilioueleza, kwa faida ya mpira peke yake, na hakikisha ya ekseli moja yamefanana.

*RAV4 yangu inalika katikati ya tairi, pembeni kashata zimejaa. Kijana wa upepo kituoni hunijazia 40 kila mara, anasema barabara zetu zinataka tairi gumu. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa 220 na sielewi ni 220 za nini.* (Msomaji, Zanzibar)

Hizo ni kilopaskali, kipimo wanachokitumia Wajapani, na 220 zake ni sawa na PSI 32 hivi kwenye geji ya kituoni. Umekuwa ukitembea na nane za ziada, tairi limevimba tumbo na linakanyaga kwa katikati tu. Ndiyo maana pembeni hakujaguswa. Kuhamisha tairi kwa gari lako hakutasaidia mpaka upepo urekebishwe, kwa kuwa utahamisha kosa kutoka kona moja hadi nyingine. Kibandiko hicho kiangalie vizuri, kwani mara nyingine mbele na nyuma zimeandikiwa namba tofauti, na mkiwa na mzigo au abiria wengi huwa na mstari wake. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima mchana baada ya safari, geji itasoma PSI 3 hadi 5 zaidi kwa ajili ya joto, na hizo usizitoe. Ukizitoa, kesho asubuhi utaamka tairi likiwa chini ya kiwango.